Maji Niliyoyafukuza Kilimani

Mwanangu Nyemo,

Barua zetu za zamani zilikuwa na mwanzo wake: mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mwanzo huo hauniingii leo kwa kuwa bado hujawa mbali. Uko chumba cha pili, nakusikia ukibishana na mama yako blanketi lipi liingie kwenye begi, na kwa sauti anayoitumia najua mablanketi yote mawili yataingia. Hofu ninayo, hiyo sikatai.

Mambo ya kila siku namwachia yeye. Ameshakueleza habari ya kufuli, ya kuishi na wapangaji wenzio huko Ihumwa, ya kuamka mapema uwahi ofisini Mtumba, na ya wanaume. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja, na nimeona niliandike kwa sababu mdomo wangu ukifika kwenye jambo zito unageuka kuwa mdomo wa kazini, unatoa amri.

Juzi tukiwa tunakula uliniuliza, "Baba, kile kichaka cha nyuma ya kilima, utamkubalia Baba Mkubwa akifyeke?" Nikanawa mikono kabla sijashiba, nikatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Hukuuliza tena. Umekaa nalo kimya, kimya cha heshima, na kimya hicho kimeniuma kuliko kama ungenigombeza. Sitaki upande gari kesho ukiwa na swali hilo kifuani. Jibu ninalo na nitalitoa kabla sijamaliza, lakini nataka kwanza ujue lilikotoka. Nikikupa jibu tupu utadhani nimelitoa ili kukufurahisha.

Wewe umezaliwa chini ya kilima hiki, ukakikuta kilivyo. Mimi nilikikuta kingine. Nilipokuwa kijana kilikuwa kimevaa kichaka pande zote, mikole na migunga na vichaka vya miiba vilivyoshikana hivi kwamba mbuzi akiingia unamtafuta kwa kengele yake. Juu kabisa, kwenye mawe, kulikuwa na miyombo, na bado ipo, kwa sababu hakuna aliyepata nguvu ya kubeba shoka hadi kule. Babu yako alipofariki mimi nilipewa upande wa mbele, huu unaotazama nyumba na reli. Upande wa nyuma hakuugawa. Alisema ni wangu na wa kaka yangu kwa pamoja, na mmoja asiuguse mwingine akikataa. Tuliona ni uzee tu unasema.

Unajua nimefanya kazi ya reli hadi nikastaafu. Watu wakisikia reli wanafikiria treni. Sisi wa gengi, kikosi cha kutunza njia, treni tuliiona ikipita tu, tukiwa tumesimama pembeni na sururu zetu. Kazi yetu ilikuwa kokoto, mataruma, nyasi na maji, na hasa maji. Mnyapara wangu wa kwanza, mtu mrefu kutoka Tabora, alikuwa na neno moja asubuhi na jioni: yaondoke. Maji yakisimama kwenye tuta, tuta linalainika, mataruma yanazama, reli inapinda, watu wanakufa. Kwa hiyo unafyeka kila jani lililo kando ya njia, unachimba mtaro ulionyooka, unazibua kalavati, na ukiona maji yanakimbia unajua siku yako haikupotea. Nilimpenda sana yule mzee. Nilijifunza kwake vizuri mno, na nadhani tabu yote ilianzia hapo.

Nilirudi nyumbani likizo nikiwa na macho ya reli. Nikakitazama kilima nikaona aibu. Miiba, majani yaliyooza, visiki, mashimo ya mchwa, kila kitu kimelala ovyo. Sisi watu wa huku tuna neno letu, unalijua: kusafisha. Hatusemi tunakata kichaka, tunasema tunasafisha eneo. Mwenye kichaka kwake ni mvivu, au ana kitu anaficha humo. Nami nikasafisha. Likizo tatu nilikuwa pale na panga na moto, hadi upande wote wa mbele ukabaki udongo mtupu mwekundu. Kisha nikachimba mitaro kutoka juu hadi chini, iliyonyooka kama niliyoichimba kando ya reli, ili mvua ikinyesha isije ikasimama ikaniharibia shamba la mtama huku bondeni. Halafu nikapanda mikaratusi.

Nikwambie kweli, nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena isipokuwa siku ulipozaliwa. Niliipanda kwa kamba, mistari imenyooka, ukisimama huku unaona hadi mwisho wa kilima. Ilikua upesi. Miti ya kienyeji tuliyoiacha juu ilikuwa vilevile tangu utoto wangu, lakini ya kwangu mwaka wa tatu ilikuwa imenipita urefu mara kadhaa. Mwenyekiti wa kijiji akawa analeta watu waone. Mchungaji alinitaja kanisani kama mfano wa mtu anayejali uumbaji. Mama yako naye, unamjua kwa usafi, akaufanya msitu ule kuwa sehemu ya uwanja wake. Alikuwa anafagia chini ya ile miti, majani makavu anayapeleka jikoni kuwashia moto, na nyoka hawakuthubutu kukaribia. Nilipokuwa natoka kazini nilikuwa nasimama pale chini natazama tu. Msitu safi, mwanangu, unaoweza kutandika mkeka popote.

Wewe ndiye uliyenieleza baadaye kwamba ulikuwa hupendi kuchezea pale ulipokuwa mdogo kwa sababu hapakuwa na ndege. Mimi hilo sikuwahi kuliona.

Chemchemi ya pale chini haikufa siku moja. Ingekufa siku moja labda ningeshtuka. Zamani ilikuwa inatoa maji kiangazi chote hadi kifuku kinaporudi, siyo mengi, lakini usingekuta ndoo zimepanga foleni. Kisha mwaka mmoja ilikatika Oktoba, tukasema mvua zilikuwa haba. Mwaka mwingine ikakatika mapema zaidi, tukasema hivyohivyo. Baadaye ikawa inatoa maji wakati wa mvua tu, wakati ambao kila mtu ana maji. Mama yako akaanza kwenda mtoni kufukua mchanga na wenzake, na wewe ukaanza kwenda naye kabla ya shule. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, ninyi mkala zaidi yangu, kwa maana mimi kazini tulikuwa na tangi.

Na unadhani nilijilaumu? Nilimlaumu jirani yetu Mzee Ndahani. Nilisema ng'ombe wake ndio waliokanyaga chemchemi hadi ikaziba, nikalipeleka jambo kwenye baraza la kijiji, nikashinda, naye akahamisha zizi lake. Alikuwa mtu mpole, hakubishana sana. Nilipokuja kumwomba radhi miaka mingi baadaye alinipa maziwa kwanza. Kisha akaniambia hata ng'ombe wake walikuwa wakishangaa chemchemi imekwenda wapi. Alisema hivyo akicheka, lakini mimi sikuweza kuyamaliza yale maziwa.

Kulikuwa na kifuku kimoja kibaya, wewe ulikuwa shule ya msingi. Unajua reli yetu ya hapa chini, ya Gulwe, inavyoteswa na maji, si jambo jipya. Mara ile maji yalishuka usiku na asubuhi tukakuta tuta limekatwa, reli inaning'inia hewani na mataruma yake. Siku nyingi tulizoa tope. Mimi nilikuwa ndani ya kalavati na chepe, tope hadi kiunoni, na nilikuwa naondoa udongo mwekundu uliojaa majani marefu membamba. Mwenzangu mmoja wa gengi akaokota jani moja, akalinusa. Akapiga kelele wote wasikie, "Mzee, shamba lako limekufuata kazini!"

Tulicheka wote. Nilicheka kuliko wao. Hakuna kwingine huku juu kulikokuwa na mikaratusi, kila mtu alijua, wala hakuna aliyeninyooshea kidole, maana ni utani tu na tulikuwa tumechoka. Tuliendelea kuzoa. Ukweli niliusikia, niliucheka na nikaendelea kulipwa mshahara kwa kuiondolea reli udongo wa kilima changu mwenyewe. Jioni nikarudi nyumbani kuzibua mitaro ya kilimani ili maji yaondoke vizuri zaidi. Watu wa reli wa sehemu nyingine wamefanya makosa yao, lakini nadhani hili ni letu sisi tu, wa kukaa juu ya njia na kufanya kazi chini yake.

Sasa nakuja kwenye siku yako ya kopo.

Ulikuwa mwaka wa pili chuoni Morogoro, umekuja likizo. Ulichukua kopo la mafuta ya kupikia, ukalitoboa pande zote mbili hadi likawa kama bomba fupi, mama yako akalalamika kuhusu kopo lake. Ukaniambia, "Baba, nisindikize." Nilidhani unaogopa fisi. Tukaanzia kwenye mikaratusi yangu. Ukaligongelea kopo ardhini kwa jiwe, na ilikuwa kazi, ardhi ilikuwa inalia kama sakafu. Ukamimina maji kikombe kimoja ukachuchumaa. Maji yakakaa. Juu yake vumbi likaelea, kavu kabisa, kama unga juu ya maji ya ugali kabla hujakoroga. Tulikaa hapo hadi nikaanza kuona haya, sijui kwa nini, kana kwamba mgeni amekuja na mwanangu hataki kumwamkia.

Tukapanda juu kwenye mawe, kwenye miyombo. Pale udongo ni wa kichanga na ni mwembamba, moto hupita karibu kila mwaka, kwa hiyo nilitegemea mabaya. Maji yaliingia taratibu. Hayakukimbilia, lakini yaliingia. Ukanionyesha mizizi midogo na njia za siafu, ukasema miyombo ni maskini lakini haina choyo.

Kisha tukashuka nyuma, kwenye kichaka. Ilibidi tutambae. Ulipoondoa majani ya juu, chini yake kulikuwa na majani mengine yaliyooza nusu, na chini yake tena udongo mweusi, na kopo likazama kwa kulisukuma kwa mkono. Ukamimina. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nione vizuri, na nilipotazama hapakuwa na maji. Nikadhani umeyamwaga pembeni. Nikasema mimina tena, na safari hii nikashika kikombe mwenyewe. Yakatoweka tena. Nikamimina mara nyingi hadi dumu likaisha, na bado ardhi ilikuwa inameza.

Nilikasirika, Nyemo. Utakumbuka nilinyanyuka nikasema kopo lako ni bovu. Mtu mzima na mvi zangu nimekasirikia kopo.

Wewe hukucheka. Ulichota ule udongo mweusi ukaniwekea kiganjani, ukakifunga kiganja changu kwa mkono wako, ukasema nifinye. Ulikuwa na ubaridi ndani yake, na tulikuwa Septemba. Ukanieleza polepole. Kwamba kila msitu hujitengenezea udongo wake. Kwamba kichaka kina majani ya kila aina, yanaoza upesi, mchwa na wadudu wanayashusha chini, mizizi inatoboa, hadi ardhi inakuwa na vijishimo vingi visivyoonekana, na mvua ikishuka inaingia humo, inakaa, inateremka polepole chini kwa chini hadi kwenye chemchemi miezi mingi baada ya mawingu kuondoka. Kwamba jani la mkaratusi lina mafuta, halipendi kuoza huku kwetu kukavu, na linaifanya ardhi iyakatae maji, na mti wenyewe una kiu ndefu, unakunywa hata yale machache yaliyopenya. Nikakuuliza, kwa hiyo mti wangu ni shetani? Ukanijibu jambo ambalo nimelishika hadi leo. "Hapana, Baba. Mkaratusi hauna kosa. Umeupanda mahali ambapo palikuwa na kazi nyingine." Halafu ukaongeza kwamba nusu ya tatizo si mti hata kidogo, ni fagio na mitaro.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siyo habari ya mafuta na mizizi, hiyo ni elimu yako. Nilielewa kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimekitendea kilima kama tuta la reli. Reli inaogopa maji. Kilima hakiogopi, kinayahitaji kuliko sisi. Mnyapara wangu hakukosea. Alikuwa anasema habari ya reli, mimi nikalibeba neno lake hadi mahali ambako yeye hakuwahi kufika.

Niliyoyafanya baada ya hapo umeyaona, ila matokeo yake huenda umeyahesabu vizuri kuliko yalivyo, kwa sababu unanipenda. Mitaro nimeiziba kwa mawe na kuikata kwa matuta ya kukingama. Mama yako nilimwomba aache kufagia, tukanuniana karibu mwezi, na hadi leo akiona majani yamelala pale anageuza uso. Mikaratusi nimepunguza, mmoja nakata mmoja naacha. Na visiki vya mikole nilivyodhani nimeviua kwa moto vilikuwa hai muda wote, sikuwa na habari. Nilipoacha kuvikata vikachipua vyenyewe. Sasa ukifukua pale unakuta udongo mweusi kiasi cha kidole kimoja.

Kidole kimoja tu. Chemchemi haijarudi. Mwaka juzi palitoka unyevu baada ya mvua, nyuki wakaja, nikakupigia simu nikiwa nimepandwa na furaha, kisha pakakauka. Ulinifariji. Lakini mimi nimefyeka kwa likizo tatu, na naona kabisa sitaishi kukiona kilima kikirudi. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema waliotutangulia, nami sina ugomvi nao.

Yale ya kilimani niliyafanya na ndani ya nyumba, na hili sijapata kukuambia. Siku ya kwanza tulipokupeleka shule ya bweni ulilia getini. Nikakushika bega nikasema, "Futa machozi, twende." Alipofariki bibi yako mlianza kulia pale uani, nikawaambia inatosha, watu wanakuja. Kila kitu kizito kilichoingia nyumbani kwangu nilikichimbia mtaro kitoke haraka. Nilidhani ndiyo ubaba. Wewe ulikuwa na busara zaidi, ulikuwa unakwenda kulia kwa Baba Mkubwa, na yeye alikuwa anakaa na wewe hadi umalize, hakuharakisha. Nilikuwa namwonea wivu kwa hilo na sikulijua jina lake. Huko uendako, mtu akikuletea huzuni yake, au huzuni yako mwenyewe ikija, iache ikae. Nimechelewa kukuambia, lakini nimekuambia.

Na habari ya kazi yako, neno dogo tu, maana mimi si wa kufundisha misitu mbele yako. Utakaa ofisini ambako vilima kama hiki vinapangiwa miti. Watu watapenda idadi. Hata mimi nilipenda, nilikuwa nahesabu mistari yangu kila Jumapili. Utaletewa picha za wazee wamesimama mbele ya msitu uliopangwa kwa kamba, wanatabasamu. Usiwacheke, na usiwasifu upesi. Waulize hapo palikuwa na nini kabla. Wakikujibu palikuwa pori tu, hapakuwa na kitu, kaa kidogo, uliza tena kwa upole kama ulivyoniuliza mimi, kwa sababu neno hilo "hapakuwa na kitu" tunalisema bila kuwa tumetazama. Ukiwa na haraka siku hiyo utakosea kama mimi, na kosa lako litakuwa kubwa kuliko langu kwa kuwa kalamu inafika vilima vingi.

Sasa jibu lako.

Leo mchana mlipokuwa kwa mjomba kuaga, nilikwenda kwa Baba Mkubwa wako. Usidhani ni mtu mbaya katika jambo hili. Yeye hataki kichaka kile kwa tamaa. Ardhi yake ya bondeni imeliwa na korongo, unajua korongo hilo limetokea wapi, limetoka kwenye mitaro yangu. Amebaki na kipande kidogo, anataka alime alizeti nyuma ya kilima na juu yake apande mikaratusi kama mimi. Amenitazama mimi nikisifiwa miaka yote ile, anataka na yeye. Anasema kichaka kinafuga fisi tu. Na ndiye aliyechunga ng'ombe wa baba ili mimi niende shule, yeye hakwenda. Kila herufi ninayoiandika hapa ni kwa sababu yeye alibaki na fimbo.

Nilimwambia sitakubali. Nilimwambia achukue kipande changu cha mtama cha bondeni alime alizeti yake humo, ni ardhi nzuri, nami nitamsaidia kulima. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo siku hizi huyu mtoto ndiye anayeamua kilima cha baba?"

Nikamwambia, "Siyo mtoto, kaka. Nimekataa mimi."

Nilitaka ujue hilo. Sikukusingizia, wala sikujificha nyuma ya elimu yako. Ingekuwa rahisi kusema wataalamu wamekataza, au serikali, na yeye angekubali, tungebaki tunakunywa chai. Lakini angejua siku moja, na wewe ungekuwa adui yake bila kosa.

Alinyanyuka akaingia ndani. Mlangoni akasema kipande cha mtama hakitaki, na kesho mtu asimsubiri.

Unajua maana yake. Katika ukoo wetu mtoto haondoki kwenda kuanza maisha bila mkubwa wa ukoo kumnyunyizia maji usoni na kumtaja jina. Mkubwa ni yeye. Alinifanyia mimi nilipokwenda kuanza kazi reli, baba akiwa mgonjwa. Kesho asubuhi utatoka na begi lako, mama yako atakuwa na kikombe tayari, mimi nitakuwa nimesimama, na yeye hatakuwepo. Usiulize mbele ya watu yuko wapi. Hayupo kwa sababu nimekupa jibu ulilolitaka, na jibu hilo lina bei, na wewe ndiye unayelilipia asubuhi yako ya kwanza. Nisamehe kwa hilo. Nimepima nikaona hakuna njia nyingine, na nimeumia.

Ila nakuomba kitu kimoja, na hii siyo amri. Ukishaisoma barua hii usiku huu, lala, kesho uamke mapema. Kabla hujashika begi, nenda kwake peke yako. Mpigie magoti, mwamkie. Usimtetee baba yako, usizungumze habari ya udongo, usimwonyeshe kwamba unajua. Mwambie tu umekuja kuaga. Kisha kaa hapo. Akikaa kimya, kaa naye kwenye kimya chake kama yeye alivyokaa na wewe ulipokuwa unalia, hata gari likikuacha, kuna jingine mchana.

Akikunyunyizia, usiyafute yale maji. Njoo nayo usoni hivyohivyo niyaone.

Baba yako